Kifua Hujakikataza

Bariadi, jioni, kabla taa hazijawashwa.

Mwanangu Kabula,

Salamu tumekwisha kupeana tangu asubuhi, tena zaidi ya mara moja, kila ulipopita sebuleni na nguo za kuanua. Kwa hiyo nitaziruka. Nitayaruka vilevile maelekezo. Maelekezo ya safari yamo mikononi mwa mama yako, ambaye wakati huu yuko jikoni akikufungia michembe ya viazi vitamu, na kila anapokaza fundo la mfuko anakumbuka jambo jingine: chandarua, ndoo yenye mfuniko, majirani wa kuwasalimia na majirani wa kuwaepuka. Sehemu hiyo nimemwachia kwa kuwa anaimudu kuliko mimi, na kwa kuwa nilipojaribu kuchangia aliniambia, "Wewe baba Kabula, kaandike zako."

Basi naandika zangu.

Nilianza kwa utaratibu niliouzoea. Niliweka anwani upande wa kulia, nikaandika neno YAH, nikapiga mstari, halafu kalamu ikasimama. Unaijua kazi ya baba yako. Darasani niliishia mapema, na Kiswahili cha ofisini nilijifunza mwenyewe kwa kusoma matangazo ya ubao wa halmashauri, nikisimama juani mpaka makarani wakanidhania mgonjwa wa akili. Tangu hapo nimekaa katika baraza ya duka la kudurufu nikiwaandikia watu maombi yao: wajane waliozuiliwa mashamba, wafugaji wa Lalago waliokamatiwa ng'ombe, wazazi wanaotafuta uhamisho wa watoto wao shuleni. Sijapata kukosa kichwa cha habari. Leo nimekikosa. Nimechoka, mayu mwanangu, na uchovu wenyewe si wa leo. Ule mstari nimeukata, na barua hii itakwenda bila kichwa, kama mzee aliyetoka nyumbani akasahau kofia.

Sababu ya kuandika ni hii. Tangu uliporudi kutoka kwenye mafunzo ya vitendo, hujambeba mdogo wako Limi hata mara moja. Unamletea biskuti, unamfulia, unacheka naye kwa mbali. Lakini akinyoosha mikono unakumbuka ufagio. Mama yako anasema ni uchovu wa masomo. Baba yako mdogo wa Nkoma alipokuja aliona, akasema, "Nesi wetu amekuwa mtu wa mjini, anaogopa kuchafuliwa gauni." Ulicheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nakutazama paji la uso.

Aidha, jioni moja nilikuwa nyuma ya nyumba nikifunga mbuzi, wewe ukiongea kwa simu na mwenzako wa chuoni. Sikukusudia kusikiliza. Ulisema, "Wanipangie popote, hata wodi ya wazee. Ila siyo watoto wachanga." Juma lililofuata barua ya ajira ikafika, nami nikaisoma kwa sauti kwa fahari, mpaka nilipofika penye maneno "wodi ya watoto wachanga". Niliinua macho. Ulisema, "Sawa, baba."

Hilo "sawa" ndilo lililonikalisha mezani jioni hii.

Sijui ulikutana na nini kule ulikokuwa. Mtoto gani, kitanda gani, sijui, wala sikuulizi. Lakini neno "sawa" nililifundisha mimi. Ulipokuwa mdogo tulikuwa tukipalilia pamba, ukakanyaga mwiba wa mgunga ukazama kisiginoni. Nilikukalisha kwenye tuta nikauchokoa kwa sindano ya kushonea magunia. Hukulia. Uliuma ukosi wa gauni lako, ukatazama mbali. Nami badala ya kuuona ule ukosi uliokuwa umelowa mate, niliwaita wapaliliaji wengine: "Njooni muone mtoto wa kiume niliyemzaa akiwa wa kike!" Walikusifu sana. Kuanzia siku ile hukupata kulia mbele yangu, na mimi nikaihesabu kuwa ni malezi mema. Nilikuwa na kanuni moja, ambayo niliwaambia hata wateja barazani: mwenye dai hudai, asiyedai hana dai. Niliiona kuwa kanuni nzuri. Ilikuwa fupi na ilikuwa na mizani.

Kanuni hiyo Limi aliivunja kabla hajafikisha uzito wa kuku.

Habari za kuzaliwa kwake unazijua kwa upande mmoja tu, ule wa utani, kwa sababu mama yako huzisimulia kila penye harusi: jinsi mzee wa malalamiko alivyoishtaki hospitali kwa ajili ya sukari. Watu hucheka, nawe umecheka. Upande wa pili hukuambiwa. Ulikuwa na mitihani, na mimi ndiye niliyekataza usipigiwe simu.

Ilikuwa msimu wa kuchuma pamba. Mama yako alipandwa na shinikizo la damu, miguu ikavimba, macho yakaona giza. Madaktari wakamfanyia upasuaji, Limi akatolewa kabla ya wakati wake. Mama alilazwa upande mmoja wa hospitali akiwa hajitambui vizuri, na mtoto akapelekwa upande mwingine, katika chumba cha watoto njiti. Shangazi yako alikuwa akiuguza mgonjwa kwake, kijijini Sola. Hakukuwa na mwanamke wa kwenda. Nikaenda mimi, nikiwa na koti langu na kalamu mfukoni.

Chumba kile hutiwa joto, na taa zake hufifishwa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye viti vifupi, kila mmoja na mwanawe. Nilipoingia, nikiwa nimenawa mpaka kwenye viwiko kama nilivyoagizwa, mmoja alisema, "Jamani, mkaguzi amekuja." Mwingine akasema, "Mkaguzi gani anavuliwa viatu? Huyo kakamatwa." Wakacheka kwa sauti ya chini, maana pale hata kicheko hupunguzwa. Niliwasalimia, "Mwadila," wakaitikia kwa heshima, kisha wakacheka tena.

Limi alikuwa na mpira puani na sindano ya dripu mkononi. Kisigino chake kilikuwa kama punje ya karanga, na hicho ndicho walichokuwa wakikichoma kupima sukari ya damu. Siku za mwanzo akichomwa alitoa kilio chembamba, kama paka aliyefungiwa ghalani. Baadaye kilio kikakoma. Wakimchoma, kimya. Wakibandua plasta, kimya. Nilikwenda kwa mama yako, ambaye siku hiyo alikuwa ameanza kufumbua macho, nikampa habari njema: "Mtoto ameshazoea. Halii kabisa. Huyu ni Msukuma kamili."

Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Minza, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye kutembea upesi bila kutoa sauti. Nilimrudia maneno hayohayo nikidhani yatamfurahisha. Hakuinua kichwa kwenye kazi yake.

"Hajazoea, baba. Amechoka."

"Lakini hasumbui."

"Ndiyo. Hana nguvu ya kusumbua. Mtoto mkubwa akiumwa anapiga kelele mpaka umsikie ukiwa getini. Huyu kulia kwenyewe ni kazi ya kubeba gunia. Akinyamaza ndiyo namwangalia zaidi."

Maneno hayo sikuyapa uzito. Nilikuwa na jambo jingine nililoliona, na lilikuwa likinikera. Kabla ya kuchoma, Sista Minza alikuwa akimfunga mtoto kwa kitambaa, mikono na miguu ikiwa imekunjwa kifuani, kisha akimdondoshea ulimini matone kutoka kwenye bomba dogo. Alisubiri kidogo, ndipo akachoma. Nilimwuliza ni nini. "Maji ya sukari," akajibu, kisha akaitwa upande mwingine.

Mwanangu, ukutani mwa kliniki ya wajawazito kulikuwa na bango ambalo nililisoma kila nilipompeleka mama yako, mpaka nikalikariri: mtoto mchanga apewe maziwa ya mama pekee; asipewe maji, asipewe chochote kingine. Mimi ni mtu niliyepata elimu yangu ukutani. Lililoandikwa ukutani kwangu lilikuwa sheria. Nilitoka pale nimepata joto la haki ambalo sijapata kulisikia hata kwa kesi za wajane. Nilikaa kwenye benchi la nje nikaandika, YAH: MUUGUZI KUMLISHA MTOTO MCHANGA SUKARI KINYUME CHA MWONGOZO WA MAZIWA YA MAMA PEKEE, PAMOJA NA KUMFUNGA MTOTO HUYO. Nilieleza kwa aya zenye mpangilio. Niliomba hatua stahiki zichukuliwe. Sikurudi kumwuliza yule sista swali la pili, ilhali alikuwa umbali wa mlango mmoja kutoka pale nilipokaa.

Nikaitwa kwa mganga mfawidhi. "Mzee," akasema, "barua yako imeandikwa vizuri sana. Tunapata malalamiko mengi, lakini hii imepangika." Niliisikia sifa hiyo; yaliyofuata niliyasikia nusu. Alisema muuguzi ataandika maelezo yake, na kwamba mpaka shauri liishe, matone yale yamesimamishwa kwa mtoto wangu. Nilimshukuru. Nilikuwa nimeshinda, na mtoto ndiye aliyepewa hukumu.

Kesho yake ilipofika saa ya kupima, Sista Minza alikuja na trei yake. Bomba la matone halikuwamo. Alinisalimu kama siku zote. Nilitegemea anune, na ningalijua la kufanya na mtu aliyenuna.

"Sogea hapa, baba. Leo usitazame mkono wangu. Tazama uso wa mtoto."

Akachoma.

Hapakuwa na sauti. Lakini paji la uso lilijikunja katikati, nyusi zikashuka zikakutana. Macho yakafinywa. Mkunjo ukachimbika kutoka puani mpaka kwenye pembe za mdomo, mkunjo wa mtu mzima, wa mzee aliyefiwa. Mdomo ukafunguka wazi, na ndani ulimi umekakamaa kama kijiti, na hakuna kilichotoka. Vidole vya mkono vilitawanyika, kisha vikafumbwa. Miguu ikanyooka ikawa migumu. Kifua kikasahau kupumua; mashine iliyofungwa mguuni ikaanza kulia kwa niaba yake, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Sista alimwekea kiganja kichwani na kingine miguuni, akamkunja taratibu, akatulia naye hivyo, akinong'ona, "Basi, mayu, basi, yamekwisha," mpaka pumzi ikarudi. Halafu Limi akalegea kabisa. Ule ndio ulegevu niliokuwa nikiuita kuzoea.

"Hivi ndivyo alivyokuwa kila siku?" niliuliza.

"Ukimfunga na kumpa matone inapungua. Haiishi, inapungua."

"Nilidhani umemfunga kama mfungwa."

"Tumboni alikuwa amebanwa hivyohivyo, baba. Ukimwacha mikono inaelea, anadhani anaanguka. Na matone yale siyo chakula. Ni ya ulimini tu, yanampunguzia makali. Maziwa ya mama yangefaa vizuri zaidi, lakini mama yake kule bado hajatoa hata tone. Na usifikiri sukari ni dawa ya kila kitu. Ikija kazi kubwa namwita daktari aandike dawa ya maumivu yenyewe."

Niliuliza kama hawezi kuyarudisha yale matone. Ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu barua yangu, wala hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu, ule uchovu ambao sasa ninao mimi.

"Sukari umeikataza kwa maandishi, baba. Kifua chako hujakikataza. Vua koti."

Unanijua, Kabula. Mimi hata kisimani nilikwenda na koti. Nilisema kwamba kifua ni cha mama. Akasema mama amelala. Nilisema kwamba mimi ni mtu mzima na hapa pana wanawake. Yule mama aliyeniita mkaguzi akadakia, "Vua tu, mzee, kifua chenyewe tumeshakikadiria, hakina kitu." Chumba kizima kikaziba midomo kwa khanga. Nikavua koti. Nikafungua vifungo vya shati kimoja kimoja. Sista akamlaza Limi katikati ya kifua changu, ngozi kwa ngozi, shavu limeelekea kushoto ulipo moyo, miguu imekunjwa kama chura, akatuzungushia khanga, akaikaza. Njia hiyo wao huiita kangaruu. Mnyama mwenyewe sijapata kumwona.

"Sasa kaa hivyo mpaka atulie. Usimpapase kama paka, ngozi yake haitaki hivyo. Weka mkono, uache hapo. Na usiongee Kiswahili chako kikubwa. Sema naye Kisukuma."

Nilimtajia majina ya ng'ombe wa marehemu babu yako, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Ilipofika saa ya kuchoma tena, Sista alimtoa kisigino tu nje ya khanga, akakipasha moto kwa kiganja chake, akachoma mtoto akiwa palepale kifuani pangu. Nilimtazama kwa pembeni. Paji lilijikunja, likakunjuka. Vidole vilifumbwa, lakini safari hii vilikuwa vimeshika nywele za kifua changu, na havikuachia. Mashine haikulia.

Nililia mimi. Wale wanawake hawakucheka.

Kutoka siku hiyo nilishinda pale. Pamba huko shambani ilichumwa na wengine, nyingine ikaanguka ikaliwa na vumbi. Nilijifunza kazi ambayo haina maandishi mengi. Nilijifunza kwamba Sista Minza akitaka kupima, kubadili plasta na kugeuza mtoto, alivikusanya pamoja ili amsumbue mara moja, kisha akaning'iniza kitambaa juu ya kitanda kuzuia mwanga. Nilijifunza kwamba mlango ukibamizwa, watoto wote wa chumba kile hukunja nyuso. Siku moja mishipa ya Limi ilikataa. Sista alijaribu, akajaribu tena, akaweka sindano chini. "Mimi nimekwisha," akasema. "Simchomi tena kwa kiburi changu." Akamwita mwenzake aliyekuwa na mkono mwepesi zaidi. Nilishangaa. Katika maisha yangu ya ofisini sijapata kumwona mtu akikabidhi kazi kwa sababu hiyo.

Na kila alipomaliza, hakuondoka. Alisimama akamtazama Limi usoni tena, mpaka aone paji limekuwa laini. Nilidhani huo ni upole wa tabia. Akaniambia ni kazi: "Usipotazama baada, hujui kama ulichofanya kimemsaidia au umejifurahisha mwenyewe."

Barua ya kuondoa malalamiko niliiandika palepale kwenye lile benchi. Ilikuwa fupi, na sikuisoma mara ya pili kuitafutia uzuri. Ndipo nilipojua jambo ambalo wateja wangu wangefaa kuambiwa mapema: malalamiko hupokelewa kwa mlango mpana, na kuondolewa kwake kuna mlango mwembamba. Shauri lilikuwa limekwisha kuanza safari. Sista Minza aliitwa, akaandika maelezo, akaitwa tena. Nilimwomba radhi. Alisema, "Maelezo yangu yalikuwa mistari michache, baba. Sina Kiswahili chako." Mwishowe matone yakaruhusiwa, pamoja na agizo kwamba mzazi aelezwe kwanza. Agizo hilo ni zuri. Lakini lilipatikana kwa kisigino cha mdogo wako, na nikipita mbele ya hospitali ile hadi leo huvuka barabara.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hata mama yako hajalisikia.

Alasiri moja nilitoka nje na Limi kifuani, chini ya koti, kupata upepo kwenye ukumbi wa nyuma. Asubuhi ile mtoto wa kitanda cha dirishani alikuwa amefariki. Sista Minza ndiye aliyekuwa naye. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, amevua viatu, anajisugua miguu. Uso wake ulikuwa shwari kabisa. Nami, kwa nia njema, na kwa lugha niliyoiona inafaa, nilimwambia, "Pole, sista. Lakini kazi hii ninyi mmeshaizoea."

Aliendelea kusugua mguu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Neno lako hilo, baba. Mtoto ulisema kazoea. Mimi nimezoea. Hapa duniani nani hajazoea?"

Nilimtazama vizuri, kama alivyonifundisha kutazama. Mkunjo ule ulikuwapo, kutoka puani mpaka pembeni mwa mdomo. Vidole vya miguu vilikuwa vimekunjwa kwenye saruji. Alikuwa akipumua kwa vipande.

Ningaliweza kumpa maneno. Yapo mengi ya rambirambi, nayajua yote kwa mpangilio wake. Sikuyatoa. Nilikaa kwenye ngazi ile ile, nikafungua koti kidogo ili aone kichwa cha Limi. Akanyoosha kidole kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha mtoto, na Limi akakishika kama wafanyavyo watoto. Tulikaa hivyo. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, akayaacha yakauke yenyewe. Mwenzake alipomwita ndani, akavaa viatu, akanishukuru, "Wabeja, baba," akaenda kazini.

Ndiyo maana hilo "sawa" lako silikubali, Kabula.

Sisemi uende wodi ile, wala sisemi usiende. Mimi siyo wa kukushauri juu ya kazi hiyo; nilikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti tu. Endapo utafika ukaona huwezi, niambie, nitakuandikia ombi la kubadilishiwa wodi, na nakuhakikishia litakuwa ombi zuri kupita yote niliyowahi kuandika. Sitakuona mnyonge. Na endapo utaingia, utakutana na mzee mwenye koti na bango kichwani, atakuandikia malalamiko kwa sababu ya kumpunguzia mwanawe maumivu. Mweleze mapema. Akikataa kusikia, mpe mtoto ambebe.

Ila usiwe miongoni mwa wanaosema wamezoea. Nilikusifu kwa kutolia ukiwa na mwiba kisiginoni, na sifa ile naiondoa leo. Najua kuondoa ni kwa mlango mwembamba. Naanza kubisha hodi.

Mama yako ameniita kula mara mbili sasa, na mara ya tatu hataita. Nimalizie kwa habari ya Limi. Unajua kwamba akianguka, au akichomwa chanjo, hakimbilii kwa mama yake. Huja kwangu akaanza kuhangaika na vifungo vya shati, kwa kuwa hapo ndipo anapojua mlango ulipo. Mama yako huona wivu, husema nimemharibu. Juzi ulipokuwa umekaa kizingitini baada ya kusoma tena ile barua ya ajira, ukiwa kimya, ukitazama mbali kama ulivyotazama siku ya mwiba, Limi alikuja kwangu akavuta kifungo cha juu mpaka kikakatika. Nilimgombeza. Hakunijali. Alikibeba mkononi moja kwa moja akakupelekea wewe. Ulidhani ni mchezo. Ukasema asante, ukakiweka juu ya kabati la vyombo, ukainuka kuchukua ufagio.

Yeye hakudhani ni mchezo. Alikuona, kabla yangu.

Kesho stendi nitakuaga kwa mkono, kwa kuwa nina aibu za watu wa umri wangu, na nitakuwa nimevaa koti. Ndani ya koti, shati halina kifungo cha juu. Mama yako anataka kushona kingine, nimemkatalia.

Ni mimi baba yako, niliyechelewa kukutazama usoni.

Kiambatisho: kifungo kimoja cha shati, kutoka kwa Limi.